Joto la Nyumba ya Mama Aroni

Hita ya umeme aliyoinunua Dastan huko Mafinga iliwekwa juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma, na watu wazima wanne wa ukoo ule wakaizunguka wakiwa wamevaa makoti. Ilikuwa Jumapili jioni, mwishoni mwa Mei. Ukungu ulikuwa umeshashuka Igowole tangu alasiri na kuyafuta mashamba ya chai ya ng'ambo ya bonde. Dastan alichomeka waya ukutani. Nyuzi za hita zikaanza kuwa nyekundu, taa ya sebuleni ikafifia, redio ikanyamaza, kisha umeme wa nyumba nzima ukakatika. Walikaa gizani wakinusa harufu ya plastiki iliyoungua mpaka Mama Aroni, mwenye nyumba, alipowasha mshumaa.

"Hiyo irudishe," akasema.

"Dukani wameandika bidhaa ikishauzwa hairudi, Mama."

"Basi itunze. Haikosi kazi."

Hita ikapandishwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa chake, na mpaka leo haijapata kazi.

Kikao kile kiliitishwa kwa sababu ya baridi. Watu wa pwani wakiambiwa kwamba kuna mahali katika nchi hii maji hushika ngozi ya barafu kwenye ndoo, hucheka, na wacheke tu. Hawajaamka Mufindi mwezi wa saba wakaona sakitu imelala juu ya chai, nyeupe kama chumvi, wala hawajawahi kumvalisha mtoto soksi zenye ubichi kwa sababu nguo hazikauki kwa wiki nzima. Kwa miaka mingi nyumba ile ilijikinga kama nyumba zote za jirani. Jiko la mkaa lilikokwa nje. Mkaa wa miti ya miwati ukisha kuwa mwekundu na moshi ukaisha, jiko liliingizwa chumbani, dirisha likafungwa, na nafasi ya chini ya mlango ikazibwa kwa blanketi ili joto lisitoke. Mkaa uliokolea hauna moshi, na kisicho na moshi hakina neno. Hivyo ndivyo kila mama wa Igowole alivyofundishwa na mama yake, na walio hai wote ni mashahidi kwamba ni kweli.

Aroni hakuwa miongoni mwa mashahidi hao. Alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba, mpasua mbao katika misitu ya misindano, na Julai iliyopita alirudi kazini amelowa, meno yakigongana kwa homa. Mkewe, Tumpe, alikuwa amesafiri kwao Tukuyu kumzika baba yake, na binti yao mdogo, Eveline, alikuwa mgongoni kwake. Mama Aroni akamnywesha mwanawe uji, akamwingizia jiko, akafunga dirisha, na kwa kuwa baridi ya siku ile ilikuwa na kiburi, akaziba mlango kwa blanketi lake mwenyewe, lile la kijani. Akamwambia, "Lala, mwanangu." Asubuhi Aroni alikuwa amelala bado, uso wake mzuri, kama mtu aliyepumzika vya kutosha, na alikuwa amekufa.

Daktari wa zahanati alikuja. Alilitazama jiko, akalitazama dirisha, akasema ni hewa ya mkaa. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, kwamba hewa ile haina harufu wala moshi na humchukua mtu usingizini bila kumwamsha. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakampa chai na viazi, wakamsindikiza mpaka barabarani. Kisha wakarudi ndani wakaulizana ni nani aliyemuua Aroni.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mpaka siku ya mazishi lilikuwa limekwisha kuja na limekaa kiti cha mbele. Mke hasafiri hivi hivi akamwacha mume mzima, halafu mume akafa bila jeraha. Tena mke mwenyewe ni mtu wa mbali, Mnyakyusa, nani anajua kwao wanafanya nini. Hakuna aliyelipinga jambo hilo kwa sababu hakuna aliyetaka lile jingine. Kama aliyeua ni jiko, basi kuna mtu aliyelikoka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na watu waliona ni huruma kumwekea Mama Aroni uchungu mmoja badala ya miwili.

Sasa Mei ilikuwa imefika tena, na mshumaa ulikuwa unawaka mezani.

Philbert, kaka yake Mama Aroni na msemaji wa ukoo, alifungua mazungumzo upya. Alisema gesi ni safi lakini mtungi ukiisha katikati ya wiki ni lazima uende Mafinga. Alisema kuni ndani ya nyumba zina moshi na zitaharibu dari. Lililobaki ni dohani. Alikuwa ameliona katika nyumba za zamani za mabwana wa chai: moto unakaa ukutani, moshi na ubaya wake wote unapanda juu, joto linabaki na watu. Dastan, mdogo wake Aroni, alikuwa fundi wa kujenga, na matofali ya kuchoma yangepatikana. Wote wakakubali dohani. Lilikuwa chaguo zuri kabisa, na kikao kingeishia hapo kama Tumpe asingeuliza swali.

"Na lile jiko?"

"Jiko ni zima," Philbert akasema. "Lipo stoo."

"Mjomba, naomba lisiingie tena chumba anacholala mtoto. Hata kabla dohani halijaisha. Naomba hilo tu."

Mama Aroni aliweka chini kikombe chake. "Jiko limemfanya nini mtu? Nimelea watoto na jiko hilohilo. Wewe ndo uliyemuua Aroni."

Lilikuwa limesemwa kisimani, sokoni na nyuma ya kanisa, lakini machoni pa Tumpe lilikuwa halijasemwa bado. Tumpe alifungua mdomo. Jibu lake alikuwa nalo tangu siku aliporudi kutoka Tukuyu, na lilikuwa swali moja fupi: blanketi lililoziba mlango lilikuwa la nani? Akamtazama mama mkwe wake, mikono yake mizee juu ya meza. Akamtazama Eveline aliyesinzia mapajani kwake. Akalimeza jibu lile lote, kama mtu anayemeza kiazi cha moto mbele ya wageni.

Wa kwanza kufahamu alikuwa paka. Alitoka jikoni, akaja kujilaza kwenye miguu ya Tumpe. Kisha kioo cha dirisha kikatoa jasho. Philbert akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akiwa bado anasema habari za matofali. Mama Aroni akanyoosha magoti yake ambayo hayakunyooka tangu Pasaka. Dastan akapeleka kiganja karibu na bega la shemeji yake bila kuligusa, kama mtu anayepima pasi.

"Joto linatoka kwa shemeji," akasema.

Philbert aliuliza kama kuna harufu. Hakukuwa na harufu. Akauliza kama kuna moshi, wakatazama darini, hakukuwa na moshi. Akasema ni vyema jambo lihakikishwe, isije ikawa ni bahati tu, akamwomba dada yake arudie aliyoyasema. Mama Aroni akarudia. Joto likaongezeka mpaka mshumaa ukaanza kuinama. Wakakubaliana kwamba halili umeme, halihitaji mkaa, na mtoto anaweza kulala karibu nalo. Tumpe hakuulizwa, ingawa mtu wa haki angesema kwamba hakukataa pia. Alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Ndivyo nyumba ya Mama Aroni ilivyopata joto.

Utaratibu ulijiweka wenyewe. Mwezi Mei na Septemba maneno yalisemwa mara moja, baada ya chakula cha jioni. Juni na Agosti yalisemwa mara mbili. Julai yalisemwa kadiri ya mahitaji. Tumpe aliweka sharti moja, kwamba yasisemwe mtoto akiwa anasikia, na wote walilikubali bila ubishi, kwa sababu hawakuwa watu wabaya. Eveline alilazwa kwanza. Kisha Tumpe alikaa sebuleni kwenye kigoda, akaambiwa alilomfanya mumewe, akalimeza jibu, na baada ya hapo akaenda kulala chumba cha katikati, milango ikiwa wazi ili joto lifike kila upande. Madirisha yaliachwa wazi kiasi cha kiganja. Daktari wa zahanati alipita siku moja, akayaona madirisha yale, akasema laiti kila nyumba ingekuwa hivi.

Matofali ya dohani yalifika mwezi Juni na kurundikwa uani. Tumpe alikuwa akiyatazama kila anapokwenda kuanika nguo, na mara mbili alimkumbusha Dastan. Dastan alisema baada ya mavuno. Baada ya mavuno watu walijiuliza dohani la nini tena, na matofali yakajenga banda la nguruwe. Lilikuwa banda zuri, lenye sakafu, na nguruwe walinenepa humo.

Yaliposemwa kwa mara ya kwanza, maneno yale yalikuwa na hasira. Kufikia mwaka wa pili hayakuwa nayo tena. Mama Aroni aliyasema huku anachambua maharage, bila kuinua macho. Dastan, ambaye alikuwa na moyo laini na alimpenda shemeji yake kwa heshima, aliyasema akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji, samahani. Wewe ndiye uliyemuua kaka. Usiku mwema."

"Na wewe, shemeji. Usiku mwema."

Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipokuwa. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyeamini tena kwamba Tumpe amemuua mtu. Waliona anavyomwogesha mama mkwe wake, waliona anavyolipalilia kaburi. Lakini jambo lisiloaminiwa linaweza kusemwa kila siku maisha yote kama lina faida, na hili lilikuwa na faida.

Kwaya ya usharika ikaanza kufanyia mazoezi pale wakati wa kipupwe, maana kanisani vidole vya mpiga kinanda vilikufa ganzi. Baada ya sala ya kufunga, waimbaji waliyasema maneno mmoja mmoja, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na sebule ikawa na joto la kuvulia makoti. Mwinjilisti alisema kwamba kumsingizia mtu ni dhambi na kwamba ataliombea jambo hilo. Alisema hivyo akiwa amenyoosha viganja vyake kuelekea kwa Tumpe. La kuvunda halina ubani, hata ubani ukishikwa na mtu mwema.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa. Alikuwa Mrisho, mfanyabiashara wa mchele kutoka Rujewa, ambaye gari lake lilikwama kwenye utelezi akaomba mahali pa kulala. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakamkaribisha, wakampa chakula, na ilipofika zamu yake wakamweleza la kusema.

"Hapana, mama yangu," akasema. "Sikuwepo. Mimi sitoi ushahidi wa nisichokiona."

"Siyo ushahidi, baba. Ni baridi tu."

"Hata kama."

Hakuna aliyekasirika. Wengine wakasema kwa niaba yake, na Mrisho akavuta kiti chake karibu na Tumpe, akajipasha moto mpaka akasinzia. Asubuhi alimshukuru kila mtu kwa jina, akaondoka kurudi bondeni Usangu ambako jua halidai chochote.

Joto lile lilikuwa la kila mtu isipokuwa mwenyewe. Tumpe alivaa masweta mawili na bado miguu yake ilikuwa ya baridi kama maji ya mtoni. Nguo zake ziliungua makwapani. Kurasa za Biblia yake, ya Kinyakyusa, ziligeuka rangi ya chai na kuanza kuvunjika anapozifunua. Alikuwa na mwili alipokuja Igowole kuolewa, wanawake wa Kihehe walimsifia mikono. Sasa pete ya ndoa ilikuwa imefungwa uzi isidondoke. Jibu alilomeza halikwenda popote. Lilibaki chini ya koo, na kila jioni lingine liliwekwa juu yake.

Mwaka wa pili, mvua za masika zilipopungua, alimwendea Philbert na kumwambia kwamba anataka kurudi kwao. Philbert alimpokea vizuri, akamkaribisha ulanzi, pombe ya mianzi, naye akanywa kidogo kwa heshima.

"Mlango haujafungwa, mwanangu," Philbert akasema. "Hakuna anayekushikilia. Ila mtoto ni wa ukoo. Ng'ombe walitoka, unajua."

"Najua, Mjomba."

"Ukiwa na hamu naye utakuja kumwona."

"Na wakati wa baridi atalalaje?"

Philbert alifikiri. Alikuwa mtu mkweli katika mambo madogo. "Jiko lipo," akasema.

Tumpe alimaliza ulanzi wake, akashukuru, akarudi nyumbani. Alipitia stoo. Jiko lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limepakwa masizi, zima, bila ufa wowote. Jioni ile alikaa kwenye kigoda kabla hajaitwa. Kama kuna mtu anataka kujua kwa nini hakuondoka, jibu ni hilo. Alikuwa amelihesabu joto lake akaona ndilo linalosimama kati ya jiko lile na kifua cha mtoto wake.

Eveline alikua. Alikuwa na miaka minne, mcheshi, mwenye kikohozi kisichokwisha, na aliamini kwamba mama wote ulimwenguni hutoa joto.

Mwaka wa tatu, Juni ilikuja mbaya. Sakitu iliua chai mpaka mashamba yakawa na rangi ya tumbaku. Mama Aroni akalala kitandani kwa moyo uliochoka, miguu imevimba, na Tumpe ndiye aliyemhudumia. Alasiri moja alikuwa amepiga magoti akimwosha miguu kwenye beseni. Mama Aroni alimwangalia utosini kwa muda mrefu. Nywele za mkwe wake zilikuwa zimeota mvi, naye hakuwa na umri wa mvi.

"Lile blanketi lilikuwa langu," akasema.

Mikono ya Tumpe ikatulia ndani ya maji.

"Lile la kijani. Nililiweka mwenyewe mlangoni, nikalisukuma kwa mguu ili lizibe vizuri. Nilisema baridi isimguse mwanangu. Ni mimi, Mama Eve. Siyo wewe."

"Najua, Mama."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu niliporudi kutoka Tukuyu. Nililikuta bado liko pale mlangoni."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuta unalia," Tumpe akasema.

Mama Aroni akalia tena, kwa sauti, kama siku ile, na Tumpe akalia naye, ameweka kichwa juu ya magoti yaliyolowa. Hapakuwa na mtu wa kuwanyamazisha. Miaka yote ile ilishuka kutoka kooni mwa Tumpe, na alipoinuka alijiona mwepesi, akajisikia njaa, akajisikia usingizi. Akaenda kujilaza kando ya Eveline na kwa mara ya kwanza tangu afiwe miguu yake ikapata joto. Ilikuwa saa ya furaha, na ni haki isemwe hivyo, kwa kuwa katika nyumba ile hapakuwa na nyingine.

Giza lilipoingia, nyumba ilikuwa ya baridi mpaka pumzi za watu zilionekana.

Dastan, aliyekuwa uani akiwalisha nguruwe, alikuwa amesikia yote kupitia dirisha lililoachwa wazi kiasi cha kiganja. Alikuwa amefuta macho kwa mkono wa shati. Hata hivyo baada ya chakula alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Shemeji, samahani, wewe ndiye uliyemuua kaka," na Tumpe akamtazama kwa upole, na hakuna kilichotokea. Hakuwa na cha kumeza tena. Philbert akaitwa, akaambiwa habari. Akamwombea marehemu pumziko. Kisha akasema kwamba mambo ya zamani yamesemwa na Mungu amesikia, ila tatizo lililopo ni la usiku huu. Akajaribu naye kuyasema maneno, kwa sauti ya kikao cha ukoo, mara mbili, na kioo cha dirisha kikabaki kikavu.

"Basi aliyoyakiri dada ni kweli," akasema, kama mtu anayesikitikia betri iliyokufa.

Eveline akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha siku zote. Kilikuwa kinavuta mbavu ndani, na midomo yake ikawa na rangi ya zambarau mbivu. Wiki iliyotangulia zahanati walikuwa wamesema ni kichomi, wakatoa dawa, wakasisitiza mtoto asipigwe na baridi hata kidogo. Tumpe alimfunika mablanketi yote, akamfunika koti la Aroni, akamkumbatia kwa mwili wake ambao sasa ulikuwa mwili wa mtu tu. Mtoto aliendelea kutetemeka. Hita ilikuwa juu ya kabati. Dohani lilikuwa banda la nguruwe.

Dastan akaenda stoo.

Alilikoka jiko nje, kwenye upepo, kwa uangalifu. Alisubiri mpaka mkaa wote ukawa mwekundu na moshi ukaisha kabisa, kwa sababu alikuwa anampenda mtoto. Kisha akalibeba kwa vitambaa mikononi, akalileta mpaka kwenye mlango wa chumba cha katikati. Philbert alikuwa nyuma yake ameshika blanketi. Halikuwa la kijani, lile lilizikwa pamoja na Aroni, lakini lilikuwa zito na lingefaa.

Tumpe akasimama mlangoni.

"Dirisha liachwe wazi," akasema.

"Dirisha likiwa wazi jiko la nini?" Philbert akasema. "Tutakuwa tunaipasha moto Mufindi nzima?"

"Mjomba, umesikia alichosema Mama leo. Umesikia."

"Nimesikia. Na mtoto namsikia pia."

Tumpe aligeuka kutazama chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi na Mama Aroni alionekana kitandani, ameinua kichwa. Alikuwa amekiri kifo cha mwanawe alasiri ileile, machozi hayajakauka vizuri kwenye mto. Alilitazama jiko lililokuwa mikononi mwa Dastan. Kisha akamsikia mjukuu wake anavyokohoa, na baridi ikamshika magoti, akageukia ukutani.

"Chagua wewe, shemeji," Dastan akasema. Jiko lilianza kumchoma vidole. "Mimi sitaki kukulazimisha. Hili au baridi. Chagua."

Pale mlangoni palikuwa na mambo mengi ambayo mtu angeweza kuyasema. Angeweza kusema dohani. Angeweza kuyataja matofali. Tumpe hakuyataja. Alitazama mkaa ulivyokuwa mzuri, mwekundu, usio na moshi wala harufu, na akavuta pumzi. Ukweli aliopewa alasiri alikuwa nao bado, mzima, mtamu, haujakaa hata siku moja. Akausogeza nyuma ya ulimi.

"Nimemuua Aroni," akasema.

Akameza.

Ilimchukua muda zaidi kuliko kumeza jibu, maana safari hii hakuwa na wa kumlaumu. Kisha paka akaja kutoka jikoni. Kioo kikatoa jasho. Philbert akalilaza blanketi juu ya kiti na kufungua kifungo cha kwanza cha koti. Katika chumba cha pili Mama Aroni alinyoosha magoti, na sauti yake ikaja kutoka upande wa ukuta, ndogo, ya mtu aliyeona aibu na aliyepata nafuu kwa pamoja.

"Asante, mwanangu."

Dastan akalirudisha jiko nje. Mkaa ulikuwa umeshakolea na haikufaa uharibike, kwa hiyo akauchomea mahindi, na yeye na mjomba wake wakala wakiwa wamesimama uani.

Tumpe akafungua dirisha kiasi cha kiganja, akapanda kitandani. Alikuwa anatetemeka tena. Eveline alikuwa macho. Kikohozi kilikuwa kimelegea, midomo inarudi rangi yake, na macho yake makubwa yalikuwa juu ya mama yake, kwa sababu sharti lile la miaka mitatu lilikuwa limevunjwa na aliyeliweka.

"Mama, ulimuua baba?"

Joto la chumba likashuka kidogo, likingoja.

"Ndiyo," Tumpe akasema. "Sogea huku."

Mtoto akafikiri. Kisha akasogea, akaingiza miguu yake miwili chini ya sweta la mama yake, akalala.